Namba Iliyorudiwa Mpaka Langoni

Mwalimu Wanjugu alikuwa mwepesi wa kuchukizwa, na umri haukumpunguzia. Alichukizwa na chai iliyoota utando. Alichukizwa na mtu anayelamba kidole ndipo afunue karatasi, kisha akupe hiyo karatasi uishike. Alichukizwa zaidi na mzazi anayesimama mbele ya mtoto wake na kusema, huku akicheka, kwamba hata yeye hesabu zilimpiga chenga, kana kwamba hiyo ni sifa ya ukoo. Marehemu mumewe alizoea kumwambia kwamba Mungu alimnyima pua ya kawaida akampa inayonusa takataka tu. Wanjugu hakubisha. Takataka zilikuwepo, yeye hakuzileta.

Aliishi Free Area na kufundisha hesabu Kiamunyi, upande wa pili wa mji, na kila asubuhi alivuka Nakuru kwa kigari chake kikuukuu akisoma namba za magari yaliyomtangulia. Hiyo ndiyo iliyokuwa starehe yake. Akiona 391 alinung'unika: kumi na saba mara ishirini na tatu, mjanja wewe, ulidhani sitakujua. Maana kuna namba tasa, ambazo hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe, na kuna zile nyingine zinazogawanyika, na miongoni mwa hizo kuna zinazojifanya tasa huku zimeficha vigawo tumboni. Wanjugu alipenda kuzipasua hizo. Alizipasua kama mtu anavyokamua chunusi, kwa kinyaa na kwa raha.

Shule aliyofundisha ilikuwa ya wasichana, ya kibinafsi, na mwenyewe aliitwa Kabiru, ingawa hakuna aliyethubutu kumwita hivyo. Kila mtu alimwita Director: mpishi, bawabu, hata mkewe. Alitajirika kwa viazi vya Molo, na Wanjugu hakuona aibu yoyote katika viazi. Shida ni kwamba Director alihamia kwenye elimu na akili ya lumbesa, lile gunia linaloshonewa kichwa juu ya kichwa mpaka linapita kimo cha anayelibeba, na ndani yake viazi vibichi vimechanganyika na vilivyooza. Kwake kitu kizuri kilikuwa kile kilichofura. Lango la shule lilifura, nembo ilifura, na kila risala aliyoisoma ilifura mpaka wageni wakasinzia.

Namba yenyewe ilikuwa ya Cheptanui. Alikuwa Form Three, msichana mrefu asiye na maneno mengi, wa kutoka Kariandusi, ambako babake, Mzee Kipngeno, alichimba ule udongo mweupe unaopelekwa viwandani. Siku moja kwenye klabu ya hesabu aliuliza: ukizidisha moja mara mbili mara tatu, hivyo hivyo mpaka kumi na moja, kisha uongeze moja, nani ataigawanya hiyo? Wanjugu alisimama na chaki mkononi. Mbili haiwezi, itabakisha moja. Tatu haiwezi, itabakisha moja. Na kumi na moja vilevile. Lakini kumi na tatu je? Kumi na saba? Hapo hakuna njia ya mkato, lazima ujaribu.

Walijaribu muhula mzima. Namba ilitoka 39916801, na ili kujua kama ni tasa ilibidi igawanywe kwa kila namba tasa hadi kupita elfu sita na mia tatu, kwa kuwa kama ina kigawo chochote, lazima kuwe na kimoja kisichozidi hapo. Waligawanya kwa kalamu, kwenye migongo ya mitihani ya zamani, maana chumba cha kompyuta kilifunguliwa wageni wakija tu. Wengi walichoka wakarudi kwenye voliboli. Cheptanui hakuchoka. Aligawanya wakati wa mapumziko, akagawanya Jumapili baada ya ibada, na kila alichomaliza Wanjugu alikirudia nyumbani kwake mezani, akitafuta kosa kwa jicho la mtu anayechambua mchele. Kila mara kulikuwa na baki.

Siku walipomaliza, Cheptanui alikaa akiitazama ile tarakimu ya mwisho.

"Kwa hivyo ni prime, Madam?"

"Ni prime."

"Na mtu akikataa? Mtu mkubwa?"

"Wacha akatae. Hii kitu haiulizi nani amesema. Director akatae, bishop akatae, itabaki tu vile iko."

Cheptanui alicheka, jambo la nadra. Akasema basi yeye atasoma hesabu mpaka ziishe, hata kama babake anataka awe nesi. Siku hiyo Wanjugu hakuchukizwa na chochote, hata na chai.

Kosa lake lilikuwa kufurahi kwa sauti kwenye chumba cha walimu. Habari zikafika kwa Director, na katika habari zote hizo Director alishika neno moja tu: haigawanyiki. Sherehe ya wazazi ilikuwa inakaribia, ukuta wa mbele ulikuwa umejengwa upya na kupakwa nyeupe, na ukuta mtupu ulimuuma Director kama jino. Akamwita Sydney, kijana aliyechora mabango ya mabucha na vinyozi kote Kiamunyi.

Jumatatu asubuhi Wanjugu alikuta ukuta umejaa tarakimu nyekundu, kila moja na kimo cha mtoto wa nasari, kutoka kona ya barabara mpaka langoni. 3991680139916801399168013991, na kuendelea, bila pengo wala pumziko. Juu yake kulikuwa na maneno: NAMBA ISIYOGAWANYIKA, KAMA SISI. Chini, kwa rangi ya dhahabu: Uvumbuzi wa Cheptanui, Form Three. Wanjugu alisimamisha gari katikati ya njia, na waliokuwa nyuma yake wakapiga honi mpaka wakachoka.

Sydney alikuwa juu ya ngazi karibu na lango, akitia kivuli kwenye tarakimu ya mwisho.

"Sydney, hii ni nini?"

"Niaje, mathe. Si ni ile namba yenu?"

"Namba yetu ni hizi nane za kwanza. Hizi zingine umetoa wapi?"

"Ah, hizo ni repeat." Akashuka ngazi moja ili aongee kwa heshima. "Niliandika hizo nane Friday, watu wakaanza kusimama. Mmoja akaniuliza kama plot inauzwa. Mwingine akasema hiyo simu haishiki, ati nimesahau zero seven. Director akakasirika, akasema inakaa namba ya fundi wa choo. Akaniambia jaza ukuta boss, irudie mpaka kwa gate. Nimeirudia mara kumi na mbili na imeingia fiti. Cheki vile imeshika."

Imeshika kweli. Kama kuna njia moja ya hakika ya kuharibu namba tasa, ni kuiandika tena mbele yake yenyewe. Saba ni tasa. Irudie upate sabini na saba, nayo ni saba mara kumi na moja. Ishirini na tatu ni tasa; irudie upate 2323, nayo ni ishirini na tatu mara mia moja na moja. Ukiiacha moja yenyewe, hakuna namba utakayoirudia hivyo ikabaki tasa, kwa sababu ile ya mwanzo itakuwa imelala ndani ya ile ndefu, inaigawanya tangu kuzaliwa. Ya ukutani ilikuwa na tarakimu tisini na sita, na ilikuwa imeoza kila upande. Iligawanyika kwa namba ya Cheptanui. Iligawanyika kwa tatu, jambo ambalo mtoto wa darasa la tano angeligundua kwa kujumlisha tarakimu zake. Wanjugu, akiwa bado ameshika mlango wa gari, alipata na saba, na kumi na tatu, na kumi na saba, na thelathini na saba. Ilikuwa lumbesa. Alikuwa anatazama lumbesa iliyoandikwa kwa rangi nyekundu, na juu yake imeandikwa kwamba haina kiazi kibovu.

Cheptanui alikuwa amesimama ndani ya lango na mkoba wake mgongoni. Alikuwa ameshausoma ukuta wote.

"Madam, jina langu liko hapo chini," alisema.

"Nitaongea na yeye."

Director alikuwa ofisini akila maini ya kukaanga saa nne asubuhi, madirisha yamefungwa, na chumba kilinuka vitunguu na ile dawa ya kunukisha choo. Makochi yalikuwa bado na plastiki zake za dukani. Wanjugu alikataa kukaa.

"Director, ile namba ya ukutani inagawanyika. Ya Cheptanui ni zile nane za kwanza tu. Ukifuta zingine, maneno yako yatakuwa ya kweli."

"Nani ataigawanya?"

"Mtu yeyote. Hata kwa tatu tu."

"Madam, parents wanakuja hapa na magari. Nani atashuka na calculator? Na hiyo namba haiingii hata kwa calculator." Alicheka, akaridhika na akili zake. "Wewe ni mwalimu, mimi ni mtu wa biashara. Mtu akiona eight digits anaona simu ya fundi. Akiona ukuta mzima anaona shule. Na si ni namba ile ile? Imekuwa tu mingi."

"Haijakuwa nyingi. Imekuwa ingine."

Director alitafuna kwanza. Kisha akavuta kadi kutoka kwenye droo, akaisukuma mezani kwa kidole gumba kilichokuwa kimetoka kwenye sahani, na doa la mafuta likaenea taratibu kwenye kona. Ilikuwa hotuba ya Cheptanui, ya kusomwa siku ya wazazi. Namba hii yote mnayoiona ukutani haiwezi kugawanywa na yeyote, kama vile familia ya shule yetu isivyoweza kugawanywa.

"Mpatie aanze kuishika."

"Hawezi kusoma hii. Anajua si kweli."

"Contract yako inaisha mwezi gani vile?"

Mlango ulikuwa wazi. Cheptanui alikuwa hapo nje. Alikuwa ametumwa kuichukua hiyo kadi. Wanjugu alimwona, na Director alimwona pia, na hakushusha sauti hata kidogo.

"Walimu wa hesabu wako wengi hapa Nakuru, Madam. Wananipigia simu kila siku. Wewe amua tu."

Wanjugu alitoka na kadi. Kwenye ukumbi Cheptanui hakumuuliza habari za mkataba wala za Director. Alimuuliza kitu kimoja.

"Nisome, Madam?"

Jibu lilikuwa hapana. Wanjugu alilijua, lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini alifikiria kodi ya nyumba, akafikiria kuanza kuzunguka na vyeti katika umri wake akihojiwa na vijana aliowafundisha, na kilichotoka mdomoni kilikuwa kingine.

"Wewe fanya vile moyo wako unakuambia."

Alijisikia akiongea kama mhubiri wa redio ya saa kumi na moja alfajiri. Maneno hayo hayakuwa na maana yoyote. Kazi yake ilikuwa kumtupia mtoto mzigo na kumwachia mwalimu mikono misafi. Cheptanui aliipokea kadi akiishika pale pasipo na mafuta.

Siku ya wazazi ikafika na mahema yake na viti vya plastiki na pilau ya sufuria kubwa iliyopoa ikagandiana. Mgeni wa heshima, ambaye alikuwa ameuliza mara mbili jina la shule, alikata utepe mbele ya ukuta. Wazazi walijipiga picha na tarakimu. Mama mmoja wa mjini alimwambia mwenzake kwamba hiyo ndiyo inaitwa STEM. Mzee Kipngeno alikuwa amekuja kutoka Kariandusi kwa koti la harusi, na ingawa lilikuwa limepigwa brashi vizuri, vumbi jeupe la machimbo lilikuwa bado kwenye mishono. Alisimama kando ya jina la bintiye la dhahabu na hakutaka kuondoka hapo hata alipoitiwa chakula. Wanjugu hakuweza kumwangalia.

Cheptanui alipoitwa kwenye kipaza sauti, Wanjugu alikuwa safu ya pili, kati ya walimu. Alikuwa amejiambia kwamba msichana atakataa. Alikuwa hata ametayarisha uso wa kumpokea. Cheptanui alisimama wima, akaishika kadi kwa mikono miwili, akasoma. Alisoma vizuri. Alitamka kila neno, hakugugumia, na alipofika kwenye "haiwezi kugawanywa na yeyote" alinyanyua macho akatabasamu kama alivyofundishwa. Wageni walipiga makofi. Mzee Kipngeno alipiga makofi mpaka koti likatoa vumbi. Na Wanjugu, aliyewahi kumkata mwanafunzi nusu alama kwa sababu ya baki lililosahauliwa, alitazama chini akaona mikono yake mwenyewe inapiga makofi. Hakuwahi kuona kitu cha kutia kinyaa kama ile mikono.

Baadaye, karibu na mapipa ya sahani chafu, Cheptanui alimjia.

"Nimesoma sawa, Madam?"

"Kwa nini umesoma?"

"Nilisikia yule amesema maneno ya contract." Alisema hivyo bila lawama, kama mtu anayeeleza jinsi alivyopata jibu. "Na wewe hukusema nisisome."

Wiki iliyofuata hakuja kwenye klabu ya hesabu. Wanjugu akasema moyoni, amechoka. Alhamisi alikuwa na somo la Form Three, saa tatu hivi, jua limeingia darasani na madirisha yako wazi. Alitaka kuwachangamsha. Akaandika ubaoni 91, ile ambayo kila mwaka huwatega watu, na akamtafuta yule ambaye haikuwahi kumtega.

"Cheptanui. Hii ni prime?"

Cheptanui alisimama. Aliitazama namba muda wa kutosha kuigawanya mara kumi.

"Inategemea, Madam," alisema. "Director amesema aje?"

Hakuna aliyecheka. Kama angesema kwa kejeli Wanjugu angejua la kufanya, angempeleka nje, angemfokea, kisha angemwita na kumnunulia maandazi. Lakini hakukuwa na kejeli. Msichana alikuwa anauliza. Alikuwa amefundishwa kitu kipya, na aliyemfundisha alikuwa amesimama mbele yake na chaki.

Wanjugu aliweka chaki chini. Hakufuta ubao, hakusema darasa lisome kimya. Alipita katikati ya madawati, akatoka, akavuka uwanja, akaingia stoo na kutoka na ndoo ya rangi nyeupe iliyobaki na brashi pana ya ukutani. Bawabu alimfungulia lango kwa mazoea tu. Alitembea kando ya ukuta wote, akazipita zile tarakimu moja baada ya nyingine mpaka kona ya barabara, akahesabu nane, akachovya brashi. Rangi ilimtiririkia kwenye mkono wa sweta na kwa mara ya kwanza maishani mwake uchafu haukumsumbua. Alifuta ile tatu iliyorudiwa. Akafuta tisa, akafuta tisa.

Gari la Director lilitokea upande wa mji, likapita, likasimama, likarudi nyuma. Kioo kikashuka.

"Madam! Unafanya nini na ukuta wangu?"

"Nasahihisha."

"Weka hiyo kitu chini! Nimesema weka chini! Una wazimu? Kuanzia leo huna kazi hapa, umesikia?"

Wanjugu alisikia. Wala haukuwa ushujaa. Ilikuwa ni kama mtu anayetapika, hawezi kuacha katikati. Ile tatu ilikuwa bado inaonekana nyekundu chini ya nyeupe, akarudi kuipaka tena, na sauti ya Director ilipopanda juu zaidi brashi yake iliteleza upande wa kushoto, kuielekea tarakimu ya nane. Nyuma yake, kutoka langoni, alisikia viatu vya shule vikikimbia kwenye changarawe, na sauti ya Cheptanui ikitweta:

"Madam, hapana! Hiyo one usiguse, hiyo ni yetu!"

Wanjugu aliivuta brashi nyuma, akaanza tena baada ya ile moja.